Kabichi Zinazokula Hewa

Jumatatu, 21 Mei 1979

Nimeiona njia ya kwenda sekondari. Inapitia kwenye kabichi.

Mwalimu Mkuu Ndassa, ambaye pia hutufundisha sayansi darasa la saba, ametangaza leo. Kila mmoja wetu atunze yale matuta mawili ya kabichi aliyopanda nyumbani kwao tangu Machi. Kabla ya Saba Saba, Bwana Shamba atakuja kutoka Ngara kuchagua kabichi bora. Mwenye kabichi hiyo atapewa alama zote za kazi. Bila alama za kazi, amesema, hata ukijibu mtihani kama malaika utabaki kijijini ukiwajibu mbuzi. Mwaka jana shule yetu ilipeleka sekondari mwanafunzi mmoja tu. Mmoja! Kwa hiyo mwaka huu ni mimi au Verediana.

Verediana ni kiranja mkuu. Matuta yake yako bondeni, kando ya chemchemi, kwenye udongo mweusi kama sufuria. Hupalilia akiimba. Matuta yangu yako juu, nyuma ya jiko la bibi, kwenye changarawe. Na mvua zimekwisha.

Lakini mimi nina sayansi. Mwalimu amefundisha kwamba mimea hula kabonidayoksaidi, yaani hewa ukaa. Huko Ulaya, amesema, wakulima hufungia mboga ndani ya nyumba za kioo, wakafungua mtungi wa hewa hiyo, mboga zikanenepa kama wake za wafalme. Wenzangu walikuwa wanachungulia dirishani lori la askari wa vita vya Uganda. Mimi niliandika kila neno.

Verediana akanyosha mkono. Akasema inaitwa hewa ukaa kwa sababu ni nzito, inakaa chini. Darasa zima likaitikia. Nikasimama nikamsahihisha: ukaa hautokani na kukaa, unatokana na kaa la moto. Mwalimu akasema kuhusu jina nimepatia mimi, na kuhusu tabia ya hewa yenyewe amepatia Verediana.

Nimehesabu kwamba nimeshinda.

Alhamisi, 24 Mei 1979

Nyumba ya kioo imekamilika! Haina kioo. Nimeshona mifuko ya ndani ya mbolea, ile ya nailoni inayopitisha mwanga, nikaitandaza juu ya fito za miti. Nikisimama inagusa kichwa. Tuta la kwanza liko ndani. La pili nimeliacha nje, ndilo la kulinganishia. Sayansi bila kulinganisha ni uvumi tu.

Tatizo ni bibi. Mlango wa jiko lake unatazamana na tuta la kulinganishia, na shimo la taka liko mbali. Basi kila kitu kinatua hapo. Maji ya vyombo, majivu, samadi ya mbuzi, machicha ya pombe ya ndizi. Nimemwomba kwa adabu asiniharibie jaribio. Akajibu kwamba magoti yake hayakusoma sayansi.

Nimeamua kutolitazama kabisa tuta hilo, nisije nikalipendelea.

Mchana nilikwenda misheni kwa mzee Protasi, mpishi wa mapadri. Padri mmoja Mzungu, aliyerudi kwao zamani, alikuwa anatengeneza soda mwenyewe, na mtungi wake wa chuma upo mpaka leo. Unazuia mlango wa banda la nguruwe. Nikamwamkia, shikamoo babu, nikamwambia nautaka. Akauliza nautaka wa nini. Nikasema wa kulishia kabichi. Akasema mapadri nao husema mambo ya ajabu, na yeye huwapikia tu.

Tumebadilishana. Yeye kachukua jogoo wangu, niliyepewa siku ya kipaimara. Alimkagua mpaka ulimini, akalalamika kwamba ana miguu ya askari. Mimi sikuukagua mtungi. Ningeukagua nini? Umeandikwa CO2 waziwazi.

Nilipouburuta nje ya banda nikaufungua kidogo. Ukafanya psss. Kisha ukafanya kimya.

Jumapili, 27 Mei 1979

Mtungi wangu umekamatwa.

Niliuacha misheni hadi leo, kwa kuwa ni mzito. Baada ya misa nikaufunga kwa kanga, nikajitwika. Njiani nikakutana na Minani, kamanda wa mgambo wetu. Minani amerudi juzi kutoka kwenye mafunzo, na huko wamewafundisha kuhusu vitu vya chuma vya adui. Akaona chuma. Akaona namba. Akapiga kelele kwamba wote tulale chini, nduli ametutegea kombora!

Waumini wakalala. Wote! Na nguo za Jumapili, kwenye vumbi. Kwaya ikalala kwa mistari, sauti ya kwanza mbele. Mimi peke yangu nikabaki nimesimama na kombora kichwani, kwa sababu hakuna aliyeniambia nilale nalo au nilale bila lenyewe.

Bibi yangu, Nyirabahizi, akaja nyuma kwa mwendo wake wa fimbo. Akauliza ni msiba gani huu wa watu kulala njiani kama ndizi za kuiva. Minani akamsihi alale, mama, lala! Bibi akasema gauni hili amelifua kwa kipande cha mwisho cha sabuni katika wilaya nzima ya Ngara, na kama adui anataka alale, aje amfulie. Kisha akaugonga mtungi kwa fimbo. Ngooo! Watu wakafumba macho. Hakuna kilichotokea.

Hata hivyo Minani ameuweka rumande kwenye ofisi ya kijiji. Ameufunga kamba.

Jumatatu, 28 Mei 1979

Mwalimu Ndassa ameutoa. Alimweleza Minani kwamba ni mtungi mtupu wa soda, na Minani akasema alijua, alikuwa anatupima.

Baadaye Mwalimu alinisimamisha ubaoni, akanifundisha masharti ya mtungi. Usimame wima siku zote. Ufungwe kwenye nguzo usianguke, maana kichwa chake kikivunjika utaruka kama roketi. Usiachwe juani. Usijazwe na mtu asiye fundi. Usifunguliwe mahali palipofungwa kama kuna mtu ndani, kwa sababu hewa ukaa haina rangi wala harufu, inajaa kimyakimya kuanzia chini, na mtu hajui mpaka kichwa kinamzunguka. Na mtu asiingie huko peke yake.

Masharti mazuri sana. Nimeyaandika kwa wino. Nimeupeleka mtungi nyumbani na kuulaza juani, ukauke, maana kamba ya Minani iliyolowa imeulowesha.

Jumatano, 30 Mei 1979

Mungu si Athumani! Ngeleja, dereva wa lori la kahawa, amepita leo akielekea Mwanza. Lori lake lilichukuliwa na jeshi likaenda vitani, likarudishwa bila kioo cha mbele, kwa hiyo Ngeleja anaendesha akiwa amefumba jicho moja, anapokezana. Mwanza kuna kila kitu. Nikamwomba anijazie mtungi.

Akauliza ujazwe nini. Lori lilikuwa linanguruma na wapakiaji wanamfokea. Nikapiga kelele: hewa!

Akanyosha kidole gumba.

Jumatano, 6 Juni 1979

Umerudi! Umejaa! Ngeleja anasema fundi alihangaika sana kutafuta namna ya kuufunga mpira kwenye kichwa chake, mpaka akakitoboa na kukiziba tena kwa ulimbo. Amekataa hata ahsante. Mtu mwema.

Redio ya ofisi ya kijiji imesema vita vimekwisha. Watu wamecheza mpaka kuku wakakimbia. Baba mdogo Leonidas, mwana wa mwisho wa bibi, atarudi. Bibi hakucheza. Alikwenda moja kwa moja kufukia ndizi ziive, amkamulie pombe ya kumpokea.

Mimi nilifungua mtungi ndani ya nyumba ya nailoni. Psssss! Muziki. Naapa niliona kabichi moja ikitikisika kwa furaha.

Jumatatu, 11 Juni 1979

Siku mbaya. Niiandike upesi.

Nilimwalika Verediana aje kuona maendeleo, ili akate tamaa mapema. Akatazama kabichi zangu. Zimerefuka shingo kama korongo. Akauliza kama nina hakika na hewa yenyewe. Nikasema ni ya Mwanza! Akasema basi tuipime, kwani tulifundishwa: hewa ukaa ikipita kwenye maji ya chokaa, maji hugeuka kama maziwa.

Tukachuja maji ya chokaa. Tukapitisha hewa ya mtungi kwa bua la jani la mpapai. Mapovu mengi. Maji yakabaki maangavu, unaona mpaka chini ya bilauri. Nikasema chokaa imeoza.

Verediana akachukua bua, akapuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Maziwa!

Pumzi ya Verediana ina hewa ukaa kuliko mtungi wangu wote.

Jioni Ngeleja alipita. Nikamuuliza alijaza wapi. Akasema kwa fundi wa matairi, pale pale stendi, tena fundi hodari. Nikamwambia nilitaka hewa ukaa! Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, ulisema hewa. Mimi nikaleta hewa. Ungetaka maji ningeleta maji."

Kwa siku zote hizi nimezilisha kabichi upepo wa baiskeli.

Jumatano, 13 Juni 1979

Nimeamka na wazo, na wazo limetoka kwa adui, kama silaha zote nzuri. Pumzi! Ikiwa mtu mmoja ana hewa ukaa, je, darasa zima?

Nimechukua watoto wa darasa la kwanza, kipindi cha nyimbo, mwalimu wao akiwa hayupo. Nimewajaza ndani ya nyumba ya nailoni, wameinama kati ya kabichi. Nikawaamuru waimbe kwa nguvu, maana wimbo hutoa pumzi nyingi kuliko maongezi. Wakaimba vizuri sana ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili mmoja akaomba kwenda kujisaidia. Ubeti wa tatu hakuomba.

Joto likazidi. Wawili wakalia. Mmoja akala jani la kabichi, na alipoulizwa akasema alidhani ndiyo zawadi.

Mwalimu Ndassa ameniambia nifagie uwanja wa shule mpaka atakapochoka kunitazama. Nikifagia, Verediana amepita na daftari la kiranja. Ameniuliza kama kesho nitaleta ng'ombe.

Niliendelea kufagia. Ng'ombe hawaenei, nilishapima.

Jumamosi, 16 Juni 1979

Ninaandika nikiwa nimelala, kwa amri ya bibi.

Pombe ya bibi ilikuwa imeanza kuchachuka tangu jana, kwenye mtumbwi wa mbao aliokamulia, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Nikainama kusikiliza. Tss, tss, tss. Mapovu! Mwalimu alisema kitu kinachochachuka hutoa nini? Hewa ukaa! Bure! Kumbe kiwanda tulikuwa nacho jikoni tangu enzi za mababu.

Bibi alipokwenda kwa jirani kuazima vibuyu, nikauburuta mtumbwi mpaka ndani ya nyumba ya nailoni. Nikaziba kila tundu kwa matope. Nikasubiri hadi mchana, jua la kiangazi likiwa kali na pombe ikichemka yenyewe. Kisha nikaingia na kipande cha mshumaa kilichowashwa, nipime.

Mshumaa nikaushika juu: unawaka. Nikaushusha usawa wa kiuno: unawaka. Nikapiga magoti, nikaushusha usawa wa kabichi: ukazimika! Bila upepo! Nikafurahi mno. Nikainamisha kichwa kutazama vizuri, nikavuta pumzi ndefu ya ushindi.

Sikumbuki zaidi.

Verediana alikuwa amejificha nyuma ya migomba akipeleleza. Aliona miguu yangu imetoka nje na haichezi. Akasema alikumbuka neno moja tu: inakaa. Inakaa chini. Akabana pumzi, akainyakua miguu yangu, akasimama wima, akanivuta bila kuinama tena, kama anavyovuta gogo. Gauni lake la shule limechanika begani. Mimi nimechubuka pua kwa kukokotwa kifudifudi juu ya kabichi zangu zote za tuta la ndani.

Nilipofumbua macho nilimwona yeye, na mbingu. Nikamwambia ukaa unatokana na kaa la moto. Akasema "nyamaza, punguani," na akaanza kulia.

Bibi alikuja akikimbia bila fimbo. Sikujua kwamba anaweza kukimbia. Kwanza alinipiga kofi. Kisha alikaa chini kando ya kitanda changu, akaushika mguu wangu, na hajauachia mpaka sasa. Ninamwambia nimepona. Anaushika tu.

Jumatatu, 18 Juni 1979

Baba mdogo Leonidas amerudi jana, amekonda, mzima. Pombe iliyobaki aliinywa akasifu. Machicha bibi ameyamwaga palepale pa siku zote. Baba mdogo aliposimuliwa habari yangu, alisema amevuka Uganda nzima na hajaona mtu akishambuliwa na kabichi.

Mwalimu Ndassa alikuja nyumbani mwenyewe, na baiskeli. Hakunichapa. Ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka yake yote ya ualimu amepata wanafunzi wanaosikiliza na wanafunzi wasiosikiliza, lakini hajapata anayeandika kila neno na kufanya kinyume chake kwa utaratibu. Alama za kazi zitategemea kabichi nitakazokuwa nazo. Nami sina, nimezilalia zote.

Nyumba ya nailoni imebomolewa. Nimeapishwa mbele ya bibi na baba mdogo kwamba sitagusa tena mtungi wowote maishani. Nimeapa. Mtungi wenyewe umepelekwa shuleni, umekatwa chini, umeninginizwa kwenye mti. Sasa ndio kengele.

Anayeigonga ni Verediana.

Ijumaa, 6 Julai 1979

Bwana Shamba amekuja! Nilitaka kujificha, lakini bibi alinisukuma mlangoni kwa fimbo.

Alianza na tuta la ndani, ambalo sasa ni la nje. Akaokota kilichobaki, akauliza kama tulikuwa tumepanda mchicha. Mwalimu Ndassa akatazama milima ya Lukole. Verediana, aliyekuja na daftari, akatazama miguu yake. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufikiria maisha yangu ya kuwajibu mbuzi.

Kisha Bwana Shamba akageuka.

Jamani! Tuta la kulinganishia! Tangu Mei sikulitazama, kwa uaminifu. Kabichi zilikuwa zimekaa pale kama mabibi kwenye harusi, zimebanana mabega. Ile ya katikati alishindwa kuikumbatia. Akaipigapiga kama mgongo wa mtoto mchanga. Akauliza imelishwa nini.

Kabla sijafungua mdomo bibi akajibu kutoka jikoni kwamba hakuna aliyeilisha, ni uvivu wake tu, shimo la taka liko mbali. Watu wakacheka. Bwana Shamba akacheka mpaka akavua kofia. Akaandika: ya kwanza, Bonifasia, ndiye mimi! Ya pili, Verediana.

Mwalimu Ndassa amenipa alama zote za kazi, kama alivyoahidi. Pembeni ameandika: "Ana bidii. Asimamiwe kwa karibu sana." Na amesema atapeleka wilayani majina mawili, si moja, kwa kuwa yeye hawezi kuchagua kati ya mlimaji na mwokoaji. Wilaya itaamua.

Nilimfuata Verediana kwenye kengele. Nikamwambia ahsante kwa kunivuta. Akasema ningekuwa na uzito wa ile kabichi angeniacha humo humo. Kisha akaniuliza kama huko sekondari wanavaa viatu kila siku. Hatujui. Tumekaa tukafikiria viatu.

Jumapili, 8 Julai 1979

Nimefikiri usiku na mchana kuhusu ile kabichi, na nimelipata jibu.

Si machicha. Bibi hajui, naye amekiri mwenyewe. Ni hewa ukaa! Hewa nzito, inakaa chini, na ardhi yetu inateremka. Nailoni ilivuja. Pombe ilipotoa hewa, ikatiririka taratibu mpaka tuta la nje, ikatua hapo. Jaribio langu lilifaulu, ila lilifaulu upande wa pili. Kilichopungua ni hewa nyingi zaidi.

Kwa bahati, Ngeleja amepita leo baada ya misa. Safari hii sikurudia kosa. Nilimwambia azime lori kwanza. Nikamweleza polepole, kama wanavyofundishwa darasa la kwanza: si hewa, baba. Ukaa. U-ka-a.

Akapiga paji la uso. Akasema mwanangu, si ungesema hivyo tangu mwanzo! Kumbe haina haja ya kufika Mwanza. Ipo tele Biharamulo, kando ya barabara, watu wa kule wanaichoma wenyewe msituni, mikono myeusi mpaka viwikoni.

Wanaitengeneza Biharamulo! Na sisi tunasifu Ulaya!

Kisha akauliza nataka gunia moja au mawili. Nilishangaa kidogo. Inaonekana siku hizi huifunga kwenye magunia. Sayansi haisimami.

Nilikumbuka kiapo changu. Nimeapa kutogusa mtungi. Gunia si mtungi.

Nimemwambia mawili.